Karatasi 100 zilezile, washindi watatu: chama chenu kihesabu kura kwa njia gani?

Mkutano mkuu wa chama cha wakulima unaweza kutumia nusu siku kubishana nani agombee, kisha suala la namna ya kuhesabu kura likapita kwa sentensi moja: "Mwenye kura nyingi ndiye mshindi." Watu wanapiga makofi, masanduku yanawekwa mezani. Sentensi hiyo ni uamuzi mzito kuliko unavyosikika. Wanachama walewale, wenye mawazo yaleyale, wanaweza kutoa mshindi mwingine kabisa kwa kubadilisha hesabu tu. Tena hesabu hiyo ndiyo inayoamua ni kambi za aina gani zitazaliwa ndani ya chama. Kiswahili kinatumia neno moja, chama, kwa ushirika wa wakulima na kwa chama cha siasa. Kihesabu neno hilo limekaa mahali pake, kwani ndani ya vyote viwili watu hugundua kwamba wakipiga kura bila kuelewana kwanza watashindwa hata kama wao ni wengi.

Tunalinganisha njia tano za kupata mshindi mmoja, halafu njia tatu za kujaza bodi. Mfano wa mshindi mmoja ni uleule kwa njia zote tano, ili tofauti zitokane na njia zenyewe.

Mfano wa kupimia

Tuseme ni chama cha wakulima wa viazi kwenye safu ya Uporoto, Mbeya. Wanachama ni 100 na akiba inatosha kununua au kujenga kitu kimoja. Mapendekezo ni matatu: lori la kupeleka viazi Dar es Salaam bila kupitia dalali, ghala la kuhifadhi mbegu, na pampu ya kumwagilia vinyungu (bustani za bondeni) wakati wa kiangazi. Kila mwanachama akiulizwa apange analolitaka zaidi hadi analolitaka kidogo, majibu ni haya:

- Watu 40: lori, kisha ghala, kisha pampu
- Watu 35: pampu, kisha ghala, kisha lori
- Watu 25: ghala, kisha pampu, kisha lori

Badala ya vitu unaweza kuweka majina ya wagombea watatu wa uenyekiti. Hesabu haibadiliki.

Kura nyingi, mzunguko mmoja

Kila mtu anaweka alama ya vema mahali pamoja. Lori linapata 40, pampu 35, ghala 25. Lori limeshinda, ingawa watu 60 kati ya 100 wameliweka mwisho.

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Karatasi moja, mafungu matatu, dakika kumi na tano mmemaliza, na mzee asiyejua kusoma anaweza kuwekewa picha. Kwa mapendekezo mawili tu haina kasoro yoyote, wala hakuna haja ya kutafuta nyingine. Shida inaanza na la tatu. Ng'ambo ya Tunduma, mwaka 2001 Levy Mwanawasa alishinda urais wa Zambia kwa takriban asilimia 29 ya kura, maana wapinzani walikuwa wengi na kila mmoja alibeba fungu lake.

Angalia watu wa pampu na wa ghala watafanya nini wakishaona hesabu hii. Mwaka unaofuata watakutana kabla ya mkutano na kuambiana: sisi ni 60, tupeleke jina moja tu. Siku hiyo kambi imezaliwa, na kazi yake ya kwanza ni kuwazuia watu wake wasigombee wote kwa pamoja. Kura za maoni ndani ya vyama vya siasa zinafanya kazi hiyohiyo. Mwanazuoni wa Ufaransa Maurice Duverger aliliandika jambo hili mwaka 1951: pale ambapo mwenye kura nyingi anachukua kiti chote, siasa huelekea kwenye kambi kubwa mbili. Kwetu, mwaka 2015, CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD waliungana kwa jina la UKAWA wakasimamisha mgombea mmoja wa urais, kwa sababu tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 Rais wa Tanzania hupatikana kwa kura nyingi kuliko wenzake, bila sharti la kuvuka nusu. (Kwetu vyama vina chanzo cha pili nje ya hesabu: Katiba inamtaka mgombea apendekezwe na chama cha siasa.)

Duru mbili, au kupanga 1, 2, 3 mara moja

Asipopatikana aliyevuka nusu, wawili wa juu wanarudi duru ya pili. Ghala linatoka na watu wake 25 wanahamia pampu. Pampu 60, lori 40. Pampu imeshinda.

Faida yake ni kwamba lile linalochukiwa na wengi haliwezi kupenya. Gharama yake ni muda. Duru ya pili ikifanyika jioni, waliotoka mbali wameshaondoka kuwahi gari au kukimbia mvua, na wanaoamua ni wanaokaa karibu na ukumbi. Hilo linaweza kuharibu matokeo hata bila udanganyifu wowote. Dawa yake ni kuwaambia wanachama waandike 1, 2, 3 kwenye karatasi moja. Ukimtoa wa mwisho, unachukua karatasi zake na kuzihamishia namba 2. Kwa mapendekezo matatu matokeo ni sawasawa na ya duru mbili, mradi hakuna aliyebadili mawazo katikati, na hakuna anayepaswa kusubiri.

Kasoro yake ni kumtoa mapema anayekubalika na wote. Ghala halikuwa la mwisho kwa mtu yeyote kati ya 100, lakini ndilo lililotupwa kwanza. Ufaransa iliona jambo la jamii hii mwaka 2002. Wagombea walikuwa 16, kura za mrengo wa kushoto zikatawanyika, Lionel Jospin akapata asilimia 16.18 na kubaki nje, huku Jean-Marie Le Pen akiingia duru ya pili kwa 16.86. Duru hiyo Jacques Chirac alishinda kwa zaidi ya asilimia 82.

Je, njia hii inamaliza kambi? Haimalizi, inazibadilisha sura. Watu wa lori wakijua hesabu wataona kwamba lori lao litashindwa na pampu, ambayo kwao ni ya mwisho. Basi 8 kati yao wakiandika ghala namba 1, lori linabaki na 32, pampu 35, ghala 33. Lori linatoka, na ghala linaishinda pampu 65 kwa 35. Wamejiokoa kwa kuliacha chaguo lao wenyewe. Lakini wakihama watano tu, ghala linafika 30, bado ni la mwisho, na pampu inashinda vilevile. Wanahitajika 8, nao lazima waelewane kabla. Nani wa kuwahesabu na kuwapanga hao 8? Kambi.

Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, imetupa somo safi la jinsi kanuni inavyozaa miungano. Mwaka 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.6, Lazarus Chakwera akiwa na 35.4 na Saulos Chilima 20.2. Tarehe 3 Februari 2020 mahakama ilifuta uchaguzi ule, na ikasema kwamba "wingi wa kura" maana yake ni zaidi ya nusu. Chakwera na Chilima, waliogombea kila mtu kivyake, wakaungana chini ya tiketi moja, na mwezi Juni wakashinda kwa zaidi ya asilimia 58. Walioifanyia hesabu kanuni mpya hawakuwa na njia nyingine.

Alama

Wa kwanza anapewa alama 2, wa pili 1, wa tatu 0. Jean-Charles de Borda aliipendekeza Ufaransa mwaka 1770. Lori linapata 80, pampu 95, ghala 125. Kila karatasi inatoa alama 3, kwa hiyo jumla lazima iwe 300. Isipotimia 300, kuna karatasi imesomwa vibaya. Ukaguzi huu wa haraka ni faida yake.

Watu wengi huipenda njia hii kwa sababu inafanana na matokeo ya mtihani. Sisi hatuipendekezi kwa jambo lenye ushindani mkali, na sababu zinaonekana kwenye karatasi hizihizi.

Kwanza, ujanja wake unamrudia mwenyewe. Watu 23 wa pampu wakiamua kulishusha ghala, waandike lori la pili ilhali kwa kweli kwao ni la mwisho, ghala linashuka hadi 102 na lori linapanda hadi 103. Wajanja wanapata lile wanalolichukia kuliko yote.

Pili, na hili ni baya zaidi, idadi ya mapendekezo inapindua mshindi. Tuseme watu wa pampu wanaleta mapendekezo mawili, pampu ya dizeli na pampu ya sola, na kila mwanachama anaiweka ya sola mara tu baada ya ile ya dizeli. Sasa alama ni 3, 2, 1, 0. Lori 120, ghala 190, pampu ya dizeli 195, ya sola 95. Pampu ya dizeli imeshinda bila mtu hata mmoja kubadili mawazo! Kwenye kura nyingi kambi ilikuwa inawapunguza wagombea wake. Hapa inalipa kuwaongeza, na mwaka unaofuata mtapokea majina kumi na mbili.

Wawili wawili

Unawapambanisha wote, wawili kwa wawili, kutoka kwenye karatasi zilezile za 1, 2, 3. Ghala dhidi ya lori ni 60 kwa 40. Ghala dhidi ya pampu ni 65 kwa 35. Pampu dhidi ya lori ni 60 kwa 40. Ghala limewashinda wote wawili, uso kwa uso. Marquis de Condorcet aliitetea njia hii mwaka 1785, na kwetu sisi ndiyo inayojibu swali ambalo mkutano unauliza kweli: kuna jambo lolote ambalo wengi wetu tungelipenda kuliko hili?

Kuhesabu si kugumu kama kunavyosikika. Kwa mapendekezo matatu kuna mipangilio sita tu, hivyo panga karatasi katika mafungu sita mezani, hesabu kila fungu mara mbili, kisha jumlisha. Kwa manne mipangilio ni 24 na jozi ni 6. Hapo acha mafungu, tumia ubao wenye jozi sita na piga vijiti sita kwa kila karatasi, yaani vijiti 600 kwa karatasi 100. Kwa matano jozi zinakuwa 10, na kwa mkono mtachoka na kukosea. Punguzeni mapendekezo kwanza.

Kuna mtego mmoja ambao lazima uandikiwe kanuni mapema. Tuseme 34 wanapanga lori, ghala, pampu. 33 ghala, pampu, lori. 33 pampu, lori, ghala. Lori linalishinda ghala 67 kwa 33, ghala linaishinda pampu 67 kwa 33, na pampu inalishinda lori 66 kwa 34. Ni duara, hakuna mshindi. Hapo mwenyekiti anayepanga ajenda anaweza kupata anachotaka: akianza na lori dhidi ya ghala, kisha mshindi akutane na pampu, pampu inashinda. Lile linaloingizwa mwisho ndilo linalotoka na ushindi. Kwa hiyo msipambanishe kwa kunyoosha mikono hatua kwa hatua. Hesabuni jozi zote kutoka kwenye karatasi, na masharti yaseme: likitokea duara, lililoshindwa kwa tofauti ndogo kuliko mengine ndilo linalopita. Kwenye duara hili lori lilishindwa kwa tofauti ya 32, ghala na pampu kwa 34 kila moja, basi lori linapita.

Kura ya kukubali

Weka vema kwa kila unachoweza kuishi nacho, kimoja au viwili. Kila mtu akiweka viwili, ghala linapata 100, pampu 60, lori 40. Kila mtu akiweka kimoja, tumerudi kwenye kura nyingi na lori linashinda. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo: matokeo yanategemea watu wamejisikia wakarimu kiasi gani siku ile, na kambi itazunguka usiku ikiwaambia watu wake, "Weka vema moja tu." Hata hivyo kwa kikundi cha VICOBA cha watu 25 wanaojuana, wanaochagua siku ya mkutano au aina ya mradi mdogo, hatujaona iliyo nyepesi kuliko hii. Haina karatasi za kuharibika kwa kukosea namba, na mapendekezo pacha hayagawanyi kura.

| Njia | Mshindi | Karatasi | Kambi itafanya nini |
|---|---|---|---|
| Kura nyingi | Lori | vema 1 | itazuia wenzao kugombea |
| Duru mbili, au 1-2-3 | Pampu | vema 1 mara mbili, au namba | itaungana kabla, au kuhamisha watu wachache |
| Alama | Ghala | namba | itaongeza wagombea pacha |
| Wawili wawili | Ghala | namba | itajaribu kutengeneza duara |
| Kukubali | Ghala au lori | vema nyingi | itahimiza vema moja |

Safu ya mwisho haina mstari usemao "haitafanya kitu", na hilo limethibitishwa. Allan Gibbard mwaka 1973 na Mark Satterthwaite mwaka 1975 walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba mapendekezo yakiwa matatu au zaidi na kila moja likiwa na uwezekano wa kushinda, kila kanuni ya kupanga isiyotumia bahati nasibu wala kumpa mtu mmoja uamuzi wote ina mahali ambapo mtu atafaidika kwa kuandika asichokiamini. Basi msitafute njia isiyo na ujanja. Tafuteni ile ambayo ujanja wake unahitaji watu wengi, una hatari kwa anayeufanya, na unaonekana.

Kwa nini kambi zinadumu hata baada ya uchaguzi

Uchaguzi mmoja unazaa mapatano ya siku moja. Kinachozaa chama chenye maisha marefu ni mlolongo wa kura. Chukua vijiji vitatu vyenye wanachama sawa, kila kimoja kina mradi wake: kijiji husika kinapata faida halisi ya shilingi milioni 5, na kila kijiji kingine kinabeba hasara ya milioni 2. Kila mradi ukipigiwa kura peke yake unaanguka, vijiji viwili dhidi ya kimoja. Vijiji A na B vikiambiana "nipigie wangu nikupigie wako", miradi miwili inapita, kila kimoja kinabaki na 5 kutoa 2, yaani milioni 3, na C kinapoteza 4. Vyote vitatu vikikubaliana kupitisha yote, kila kijiji kinabaki na milioni 1 tu.

Lakini C hakitakaa kimya. Kitakwenda kwa A na kusema: mwache B, tupitishe wako na wangu, nami nitakuongezea milioni 1. A anapata 4, C anapata 2, B anapoteza 4. Kesho B atakwenda kwa C na ofa nyingine, na mzunguko hauna mwisho. Chama cha siasa ni ahadi iliyopewa jina, bendera na adhabu kwa anayeivunja, ili mapatano ya leo yawepo na keshokutwa. Ndiyo maana wabunge wanaochaguliwa kila mtu kivyake hujikuta wakikusanyika, na ndiyo maana kijiji C kwenye chama chenu kina haki ya kuogopa.

Kujaza bodi: hapa ndipo C anaokolewa

Viti 5, wapiga kura 100. Njia iliyozoeleka humpa kila mwanachama kura 5. Watu 51 wa kijiji kikubwa wakiandika majina yao matano, wanachukua viti vyote vitano. Watu 49 hawana hata kiti kimoja. Hii ndiyo kanuni inayovunja vyama vya ushirika vyenye vijiji viwili vyenye uhasama, na tunasihi iachwe.

Ya pili inampa kila mtu kura 1 na kuchukua watano wa juu. Watu 17 walioungana wana hakika ya kiti, kwa sababu wagombea sita hawawezi kupata 17 kila mmoja kwa wapiga kura 100. Ni nzuri kwa walio wachache, lakini ina shimo. Kambi ya 51 ikiwa na mwalimu mstaafu anayependwa sana, anaweza kupata 41 peke yake, wenzake wawili 6 na 4. Kambi ya 49 ikijigawa 13, 12, 12 na 12, inachukua viti vinne. Wengi wanabaki na kimoja.

Ya tatu inaziba shimo hilo: kila mtu ana kura moja lakini anaandika 1, 2, 3, na kura inahamishika. Kiwango ni 17. Mwalimu ana 41, ziada yake ni 24, na ziada hiyo inakwenda kwa namba 2 za karatasi zake, kila karatasi ikihama na thamani ya 24/41. Asiyefika kiwango anatolewa kutoka chini na karatasi zake zinahamia wanaofuata. Kambi ya 51 inapata viti 3, ya 49 viti 2. Ireland na Malta zimeitumia tangu miaka ya 1920. Inataka kikokotoo, mtu mtulivu na saa mbili. Msipokuwa navyo, tengeni viti kwa vijiji kulingana na idadi ya wanachama. Si sahihi sana, ila kila mtu anaelewa.

Tungechagua nini

Chama cha ushirika kinachochagua mwenyekiti au mradi mkubwa kati ya matatu au manne: namba, na hesabu ya wawili wawili. Mkiona wanachama hawataiamini meza ya kuhesabia, namba kwa kuhamisha wa mwisho. Kikundi kidogo, kukubali. Mawili tu, kura nyingi. Bodi, kura inayohamishika.

Kwa karatasi za namba, amueni mapema yafuatayo. Karatasi yenye vema moja badala ya namba ihesabiwe kama 1. Namba ileile ikiandikwa mara mbili, karatasi ifuatwe hadi hapo ilipokosewa tu. Wasioandikwa wote wawe wa mwisho kwa pamoja. Kura zikifungana, sarafu irushwe mbele ya mawakala.

Na msisome karatasi nzima kwa sauti. Wagombea wakiwa watano, mipangilio nyuma ya namba 1 ni 24, kwa hiyo mnunuzi wa kura anaweza kuwapa watu 24 kila mmoja mpangilio wake wa pekee, kisha akakaa kusikiliza kama umesomwa. Mhesabu asome jozi, au apange mafungu kimya, huku wakala wa kila upande akiangalia.

Kanuni ikibadilishwa, kwa chama kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 lazima masharti yarekebishwe na mkutano mkuu, na marekebisho yasajiliwe na Mrajis. Anzeni kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Kikundi cha VICOBA kinafuata katiba yake. Kwa vyovyote, lipitisheni suala hili kwenye mkutano unaotangulia, kabla jina hata moja halijatajwa. Majina yakishajulikana kila mtu ataitetea hesabu inayompa mtu wake ushindi, na kwa karatasi kama hizi 100 kila upande utapata yake.